Mlinzi wa Kilimani na Alama za Watu wa Kale



Katika kambi ya Ngagara, kaskazini ya jiji la Bujumbura, wamo wanaume na wanawake waliokwisha kuona vilima vya nchi za mbali kuliko msafiri yeyote wa biashara. Kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024, vikosi vya Burundi vilikuwa vikienda Somalia na kurudi, zamu baada ya zamu. Wengine walipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Askari hawa hufundishwa mengi kabla ya kupanda ndege: namna ya kutambua bomu lililofukiwa barabarani, namna ya kusema na mzee wa kijiji, namna ya kuhesabu maji ya kunywa. Liko jambo moja ambalo ni nadra kutajwa katika mafunzo hayo, na ndilo litakalozungumzwa jioni ya leo. Nalo ni mawe yaliyo juu ya kilima.

Jeshi popote lifikapo hutafuta mahali palipoinuka. Kamanda akifungua ramani, kidole chake huenda kwanza kwenye mistari inayobanana, yaani kwenye kilima, na hasa kilima chenye miamba juu yake. Hapo darubini huona mbali, redio hushika vizuri, na adui hapandi bila kuonekana. Mwamba humkinga mtu na risasi na jua. Aghalabu chini ya mwamba huo maji ya mvua hukaa kwa siku kadhaa katika mashimo.

Sasa yafaa ikumbukwe kwamba mawazo hayo hayakuanza na chuo chochote cha kijeshi. Mwindaji wa miaka elfu kumi iliyopita aliwaza vivyo hivyo alipotafuta mahali pa kungojea wanyama. Mchungaji wa miaka elfu nne iliyopita alipanda mwamba uleule ili aone ng'ombe wake na aone pia ni nani anayewajia ng'ombe hao. Naye alipokaa hapo siku kutwa, jiwe gumu mkononi na mwamba mpana mbele yake, alichonga. Ndiyo maana mahali ambapo askari wa leo anaweka lindo lake huwa mara nyingi ni mahali ambapo watu wa kale wameacha alama zao. Si bahati mbaya wala si miujiza, kwa maana watu wa zama mbili wameongozwa na ardhi ileile.

Mfano mzuri uko Somalia kusini. Kwenye barabara kuu itokayo Mogadishu kwenda Baidoa, mji ambao askari wa Burundi walipelekwa mwaka 2012, nchi ni tambarare mpaka macho yanachoka. Halafu ghafla hutokea vilima vya itale, vimesimama peke yake kama meli baharini. Kimojawapo ni Buur Hakaba, na kingine ni Buur Heybe. Katika mapango mafupi ya Buur Heybe wanaakiolojia walifukua makaburi ya wawindaji, jumla ya watu 14, ambao baadhi yao walizikwa pamoja na pembe za swala. Na huko Buur Hakaba iko sehemu ambayo vitabu vya elimu hiyo vinaiita hadi leo kwa jina la kijeshi, Uwanja wa Shabaha. Watu waliishi hapo na kuwinda tangu miaka kama 20,000 iliyopita mpaka miaka kama 5,000 iliyopita. Mmoja wa waliochunguza vilima hivyo mapema alikuwa mtu wa jeshi. Alikuwa Mwingereza J. Desmond Clark, aliyetumikia katika Pembe ya Afrika wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kila alipopata nafasi aliandika habari za mawe yaliyochongwa na wanadamu wa kale. Kitabu chake juu ya historia hiyo kilitoka mwaka 1954. Wenzake wengi katika vita hivyo walipita juu ya mawe yaleyale na viatu vyao, wasijue.

Lakini habari iliyo wazi zaidi kwa sikio la askari na polisi haitoki Somalia. Inatoka Turkana, kaskazini ya Kenya, karibu na Lokori, katika bonde la mto Kerio. Ni nchi kavu yenye joto kali, na juu ya ardhi kuna miinuko ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Waturkana wanapaita Namoratunga, maana yake watu wa mawe. Husimuliwa kwamba hapo zamani watu walikuwa wakicheza ngoma, akaja shetani, wakamcheka, akawageuza mawe. Jina hilohilo hutumika pia kwa mahali pengine, karibu na Kalokol upande wa magharibi wa ziwa Turkana, ambako zipo nguzo 19 za mawe meusi zilizosimikwa ardhini.

Huko Lokori yako makaburi mengi yaliyozungushiwa mawe marefu yaliyosimamishwa wima. Juu ya mawe hayo, na juu ya miamba iliyo karibu, kumechongwa alama. Ziko duara, duara lililogawanywa kwa mstari, mistari iliyojipinda kama nyoka, misalaba, nukta zilizopangwa. Ziko pia picha za wanyama, twiga wakiwemo. Kwa muda mrefu wageni waliozitazama alama hizo walisema maneno ya kila namna, wengine wakidhani ni jua na mwezi, wengine wakidhani ni maandishi ya taifa lililopotea.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Kimarekani, Lynch na Robbins, walifanya jambo ambalo askari polisi wa upelelezi angelifanya siku ya kwanza. Waliacha kuutazama mwamba peke yake, wakawauliza wenyeji. Waturkana walipozitazama zile alama walizitambua nyingi mara moja, kwa sababu walikuwa wakizichoma kwenye ngozi za ng'ombe na ngamia wao. Zilikuwa chapa. Wataalamu hao waliandika habari hiyo mwaka 1977, na tangu hapo yale yaliyoonekana kuwa mafumbo ya nyota yakaanza kusomeka kama alama za mali na za ukoo.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Polisi yeyote aliyewahi kusimamia mnada, au kufuatilia mifugo iliyoibwa, anajua chapa ni nini. Anajua kwamba ng'ombe hawezi kusema jina la mwenyewe, bali ngozi yake husema. Anajua kuwa mwizi hodari hujaribu kuichoma chapa juu ya chapa ili kuharibu ushahidi, na kwamba jicho lililozoea hutambua alama ya zamani chini ya mpya. Watu wa Lokori walichukua ushahidi uleule wakauweka mahali ambapo hauchinjwi wala hauuzwi, yaani juu ya jiwe la kaburi. Walitaka ijulikane ni nani amelala hapo na ni wa nani. Kwa Mrundi jambo hili si geni hata kidogo. Lugha ambayo salamu yake ya kale, Amashyo, humtakia mtu makundi ya ng'ombe, haihitaji profesa kueleza kwa nini mtu azikwe chini ya alama ya mifugo yake.

Ni haki kusema pia kwamba si kila kilichosemwa juu ya Namoratunga kilisimama. Wataalamu walewale waliandika mwaka 1978 kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa kufuata nyota, na wakazikadiria kuwa za karne chache kabla ya Kristo. Wengine walikwenda kupima upya, nao hawakuridhika. Uchimbaji uliofanywa huko Turkana baada ya mwaka 2007 umeonyesha kuwa sehemu za nguzo kama hizo ni za kale zaidi sana, miaka kati ya 4,000 na 5,000, zikiwa makaburi ya wachungaji wa kwanza wa eneo hilo. Katika mojawapo, iitwayo Lothagam Kaskazini, walizikwa watu wasiopungua 580. Makosa ya kwanza yaliweza kusahihishwa kwa sababu moja tu, kwamba mawe yalikuwa bado yako mahali pake. Kama mtu angalikuwa amezing'oa nguzo zile katika miaka ya 1980, nadharia mbovu ingalibaki kuwa ndiyo kweli mpaka leo, na hapana ambaye angaliweza kuipinga.

Basi alama hizo zilichongwaje? Hakukuwa na patasi ya chuma. Mchongaji alichukua jiwe gumu, akapiga mwamba pigo kwa pigo, vipigo vidogo vinavyofuatana, mpaka nukta zikaungana kuwa mstari. Mwamba wa volkano ukikaa juani kwa maelfu ya miaka hupata ngozi nyeusi juu yake, nyembamba kuliko karatasi. Pigo la jiwe huivunja ngozi hiyo, na ndani huonekana rangi iliyo nyepesi. Alama ikiwa mpya, hung'aa. Miaka inavyopita, ngozi hujiunda tena polepole ndani ya mchongo, na alama hurudi kuwa nyeusi. Mtaalamu hutazama weusi huo kama vile karani wa hospitali atazamavyo kovu. Huu ni mkato wa jana, ule ni wa zamani, na ule wa chini umetangulia zote. Kwa hiyo umri wa mchoro wa mwambani umo ndani ya ngozi ambayo mtu anaweza kuikwangua kwa funguo za gari.

Na kweli imekwanguliwa. Mwaka 2008 gazeti moja la Uingereza lilichapisha habari iliyowatia aibu watu wengi wenye sare. Katika Sahara ya Magharibi, ambako Umoja wa Mataifa umekuwa na ujumbe wa kusimamia usitishaji wa vita tangu mwaka 1991, kuna kilima cha itale kiitwacho Lajuad, ambacho wenyeji wanakiogopa na kukiita mlima wa shetani. Chini ya miamba yake mna michoro ya watu wa kale. Wanaakiolojia waliofika hapo walikuta majina makubwa, tarehe na majina ya majeshi yamepuliziwa kwa rangi ya kopo juu ya michoro hiyo na kando yake. Waandishi wake walikuwa waangalizi wa kijeshi wa ujumbe uleule wa amani. Hawakuwa kuruta waliotoka shambani wiki iliyopita. Walikuwa maofisa kutoka nchi mbalimbali, watu waliosoma, waliopewa magari meupe na posho nzuri. Uongozi wa ujumbe ulikiri jambo hilo hadharani. Wenyeji wa Sahara, ambao hawana utajiri mwingi wa kuonyesha, walibaki wakitazama majina ya wageni yakiwa yamekaa juu ya kazi ya mababu.

Watu wengi waliposoma habari hiyo walisema ni ushenzi. Neno hilo ni rahisi mno. Ofisa yule hakuamka asubuhi akiwa na nia ya kuharibu. Alikuwa mbali na nyumbani miezi mingi, siku zilikuwa ndefu, hakuna kilichotokea, na mbele yake palikuwa na ukuta wenye alama za waliotangulia. Akaona na yeye aache yake. Ni tamaa ileile, pengine, iliyomwongoza mchungaji wa Lokori. Tofauti ni kwamba mchungaji alikuta mwamba mtupu, naye ofisa alikuta mwamba umekwisha kusema.

Wakazi wa Bujumbura wana mfano wao karibu. Kilomita kama 12 kusini ya jiji, huko Mugere, juu ya kilima kinachotazama ziwa Tanganyika, liko jiwe kubwa ambalo vijana wa Ngagara hupelekwa kulitazama siku za mapumziko, na maharusi hupigia picha. Juu yake mmechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 25, 1871. Wako wanaoamini kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji siku chache kabla, na Mugere walifika baadaye wakiwa pamoja, wakakaribishwa na mtawala wa hapo, wakalala siku mbili. Jiwe lile basi ni nini isipokuwa jina na tarehe juu ya mwamba, jambo lilelile lililofanywa Lajuad? Mwenye kuuliza hivyo hakosei kuuliza. Jibu ni kwamba mchongo wa Mugere haukuzika kitu kingine chini yake, na ulikusudiwa kuwaambia watu habari ya siku fulani. Hata hivyo, jirani ya majina hayo mawili mtu asiongeze la tatu.

Hasara nyingine hazitokani na kiburi cha jina. Hutokana na kazi za kila siku za kambini, nazo ni mbaya zaidi kwa kuwa hazina mwenye hatia. Chukulia kikosi cha watu kumi kilichopanda kilima chenye miamba saa kumi na moja jioni. Jambo la kwanza ni ukuta wa kujikinga. Mawe yako mengi, na yaliyo mazuri kuliko yote ni yale marefu, bapa, yaliyosimama tayari. Kwa nusu saa kaburi la miaka elfu mbili limekuwa kifua cha mtutu wa bunduki. Jambo la pili ni chai. Moto huwashwa pasipo na upepo, yaani chini ya mwamba ulioinama, na pasipo na upepo ndipo michoro ilipodumu. Joto likiingia, uso wa jiwe hupasuka kwa magamba, na gamba likianguka limeondoka na mchoro wote. Masizi hufunika kilichobaki. Jambo la tatu ni mlingoti wa redio, unaohitaji tundu la kuufunga. La nne ni mlinzi wa usiku wa manane, anayepambana na usingizi kwa kugongagonga jiwe na ncha ya singe. Kesho yake hakuna aliyevunja amri yoyote, kwa sababu amri haikuwapo.

Wako pia wapiga picha. Huyu ni mtu mwenye nia njema kabisa. Ameona alama haionekani vizuri kwenye simu, basi anaijaza chaki, au anaimwagia maji, au anaisugua. Chaki huingia katika vitundu vya jiwe na kuharibu vipimo vya baadaye. Maji ya chumvi ya kisima hubaki yakila. Lakini mtu akingoja jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au la kabla ya magharibi, mwanga hupita kwa upande, kila kishimo hutoa kivuli, na alama husimama yenyewe bila kuguswa. Mwenye zamu ya alfajiri ndiye aonaye vizuri kuliko profesa anayefika saa sita mchana na gari lake.

Upande wa polisi kazi ni nyingine. Huko Kondoa, katikati ya Tanzania, hakuna michongo mingi bali michoro ya rangi, zaidi ya mapango na miamba 150, ambayo Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Katika vilima vya Kolo kumekuwako uvumi wa siku nyingi kwamba Wajerumani, walipokimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walificha dhahabu chini ya miamba yenye michoro. Uvumi huo umechimba mashimo. Watu huja usiku na sururu, wakiamini kwamba kila alama ni ishara ya kuelekeza kwenye sanduku. Dhahabu hawapati, ila hugeuza juu chini udongo ambao ndani yake umo mpangilio wa maelfu ya miaka, jivu juu ya jivu, jiwe juu ya mfupa. Kituo cha polisi kikipokea taarifa ya shimo kama hilo, mara nyingi huandikwa kuwa ni mchezo wa wapumbavu. Hata hivyo hasara yake ni kama ya mtu aliyechoma daftari la mahakama ili kutafuta senti katikati ya kurasa.

Nchi ya Burundi haina umaarufu wa michongo ya mwambani kama Turkana. Ina hata hivyo mazoea ya kale ya ulinzi yanayoweza kumfundisha mtu. Katika nyanda za juu za Kayanza, makaburi ya Bami na ya mama zao yalizungukwa na miti ambayo haikukatwa. Jina lake kwa Kirundi, intatemwa, ndilo lililokuwa sheria nzima, kisichokatwa. Hapakuwa na seng'enge wala kibao. Palikuwa na watunzaji waliorithi kazi hiyo, na palikuwa na watu wote wengine waliojua. Msitu ulisimama kwa sababu mpita njia mwenye shoka alikuwa amekwisha kuambiwa tangu utoto.

Sheria za kimataifa zimejaribu kufanya kwa maandishi kile ambacho jina hilo lilifanya kwa neno moja. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 juu ya kulinda mali za utamaduni wakati wa vita unazitaka serikali zilizouridhia ziingize jambo hili ndani ya kanuni za majeshi yao wakati wa amani, kabla risasi haijalia. Agosti 1999 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa maagizo yanayovikataza vikosi vya umoja huo kushambulia au kuharibu kumbukumbu za kihistoria. Mwezi wa Aprili 2013, Baraza la Usalama lilipounda ujumbe wake wa Mali, liliandika ndani ya madaraka ya ujumbe huo kulinda mahali pa utamaduni na historia, jambo ambalo halikuwa limepata kuwekwa katika ujumbe wa amani kabla ya hapo. Na Septemba 27, 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa kwa kubomoa makaburi ya watakatifu wa Timbuktu. Zamani mtu angalisema ni majengo tu. Siku hiyo ilithibitishwa kuwa ni kosa la vita.

Lakini hukumu ya mahakama ya mbali haimfikii mlinzi aliye peke yake saa nane za usiku. Kinachomfikia ni sajini wake. Sajini akiwa amepanda kilima kabla ya giza, akazunguka mara moja kwa tochi iliyoinamishwa, akaona alama, anaweza kufanya mengi kwa dakika kumi. Anaweza kuvuta kamba mita tano kutoka kwenye mwamba na kusema hapa hapawashwi moto. Anaweza kuagiza mifuko ya mchanga badala ya mawe yaliyosimama. Anaweza kuandika katika daftari la lindo mahali pale palipo, kwa namba za ramani, na kupeleka habari hiyo juu pamoja na taarifa za kawaida, ili kikosi kinachokuja kuchukua zamu kisianze tena upya kama vipofu. Mlinzi akimkabidhi mwenzake idadi ya risasi na mwelekeo wa hatari, amkabidhi pia mwamba. Wala asinunue jiwe lenye alama analoletewa na mtoto wa kijiji, kwa kuwa mtoto huyo kesho atakwenda kuvunja jingine.

Itaulizwa kama inafaa kumtwika askari mzigo huu naye yumo katika hatari ya maisha yake. Swali ni la haki. Ikifika saa ya kushambuliwa, mtu atajikinga nyuma ya jiwe lililo karibu naye, liwe na alama au lisiwe nayo, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Ila wanaolinda vilima wanajua kwamba saa za mapigano ni chache na saa za kungoja ni nyingi. Majina ya Lajuad hayakuandikwa chini ya risasi. Yaliandikwa mchana, kwa utulivu, na mtu aliyekuwa na nafasi ya kutikisa kopo la rangi.

Waliorudi Ngagara kutoka Somalia mwisho wa mwaka 2024 wana mengi vichwani mwao, na baadhi yao huenda walilala juu ya miamba yenye alama wasizozijua, au walizozijua wasipate wa kumwambia. Huenda zimo katika simu zao hata sasa, nyuma ya picha ya wenzao watatu wanaocheka. Picha kama hizo, zikiwa na siku na mahali zilipopigwa, zina faida kubwa kwa wanaochunguza nchi ambayo tangu mwaka 1991 wanaakiolojia hawakuweza kufanya kazi humo kwa kawaida. Askari aliyekaa miezi kumi na miwili juu ya kilima kimoja amekiona katika mvua na katika kiangazi, na mambo hayo hayamo katika kitabu chochote.

Huko Kalokol, kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda ziwani, zile nguzo 19 bado zimesimama. Wapitao njia huokota kijiwe kidogo na kukiweka juu ya mojawapo ya nguzo, kisha huendelea na safari. Vichwa vya nguzo kadhaa vimejaa vijiwe hivyo, na hakuna kilichoandikwa jina.